Kaseti ya Habil

Wenzangu wa karakana,

Siku ile mliponikatia keki ya kustaafu mliniomba hotuba, nikasema asanteni, nikakaa. Mnanijua. Si kwamba sikuwa na la kusema. Lile nililokuwa nalo halisemwi mbele ya watu walioshika soda. Sasa nimekaa nyumbani miezi miwili, nimepanga upya kabati la vyombo mara tatu, na mume wangu amenisihi nitafute kitu cha kufanya. Basi nimeshika kalamu. Vyeo na mishahara sitavigusa; vipo kwenye faili na havijawahi kumfundisha mtu kazi. Nitawaandikia juu ya nilivyoanza, na juu ya kaseti moja niliyoitengeneza vizuri kabisa, ambayo mpaka leo sijui nilitengeneza nini.

Nilifika kwa Fundi Enos Lumwachi katikati ya miaka ya tisini, nikitoka Bukura, ambako baba alikuwa akikamua ng'ombe wa chuo cha kilimo. Nilikuwa na cheti cha mambo ya umeme na viatu vya dada yangu. Duka la Fundi lilikuwa nyuma ya soko la Kakamega, chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia. Mbele alitengeneza redio na televisheni kama mafundi wengine. Nyuma ya pazia alifanya kazi ambayo sidhani kulikuwa na mtu mwingine magharibi yote aliyeifanya. Aliandika programu za zile mashine ndogo za michezo za kushika mkononi, za kijivu, zenye kioo cha rangi ya mchuzi wa kunde.

Mashine zenyewe zililetwa na watoto wa watu waliokuwa wamesoma ng'ambo. Ziliharibika, zikaletwa kwa Fundi, na Fundi hakuwa mtu wa kufungua kitu na kukifunga bila kuuliza kinafikiri nini. Kampuni iliyozitengeneza haikumuuzia mtu kama sisi maelezo yoyote. Tulichokuwa nacho ni kurasa kadhaa zilizonakiliwa na kunakiliwa tena, mpaka maandishi yakawa kama watu wanaotembea kwenye ukungu. Kwa kurasa hizo aliwaandikia walimu wa chekechea mchezo wa kuhesabu kwa lugha ya nyumbani, ndala, tsibiri, tsitaru, na mhadhiri mmoja alitaka programu ya kuwaonyesha wakulima wadudu wa mahindi. Kompyuta ilitaka stima na chumba chenye kufuli. Mashine hii ilitaka betri nne za tochi tu.

Nyinyi mnaandika programu leo na kuifuta kesho bila kusimama. Sisi tuliichora kwanza kwa penseli kwenye daftari la mraba, nukta nane kwa nane, rangi nne tu kutoka nyeupe hadi nyeusi. Kisha tuliiandika kwenye kompyuta moja ya zamani iliyozimika kila mvua ya saa tisa ilipogonga bati, na mvua ya saa tisa ya Kakamega haikosi kazini kama baadhi yetu. Mwisho tuliichoma kwenye chipu yenye kidirisha cha kioo mgongoni na kuitia ndani ya kaseti ya mchezo. Ukitaka kuifuta chipu, unaimulika kwa taa maalumu. Taa yetu ilikuwa imeungua. Kwa hivyo tulianika chipu juu ya bati kwa wiki nzima, kama jirani alivyoanika omena, wale dagaa wa ziwani, na kazi yangu ya kwanza kabisa katika teknolojia ilikuwa kufukuza kuku.

"Chipu ambayo haikukolea jua itakusemesha maneno ya jana," Fundi aliniambia siku ile. "Usikimbie. Irudishe juani tu."

Nilidhani ananitania. Wiki haikuisha, nikawasha programu ya wadudu, na kati ya mabua ya mahindi ukatokea nusu uso wa mtoto, jicho moja na kipande cha tabasamu, masalio ya ule mchezo wa kuhesabu. Jicho lilikuwa likifumba na kufumbua. Niliiweka mashine mezani taratibu, kama mtu anayeshusha yai.

"Umekutana na maneno ya jana," Fundi akasema, akaendelea na redio yake.

Meza niliyopewa ilikuwa ya mtu mwingine. Kiti chake kilikuwa kimeinama upande wa kushoto kwa kumzoea, na ndani ya mtoto wa meza kulikuwa na daftari nne zenye jina Habil Wesonga. Alikuwa ameondoka kama miaka mitatu kabla yangu. Kazi zote kubwa za Fundi alikuwa ameziandika yeye, na mimi niliajiriwa kuziendeleza. Pembeni mwa kila mstari aliacha maneno. "Hapa usiguse, kuna sababu." "Hapa nimechoka, kesho." Na kila alipoacha kitu hakijakamilika aliandika maneno yale yale mawili: "Nitarudi hapa."

Nilimuuliza Fundi mwenye meza alikwenda wapi.

"Aliondoka," akasema, akapuliza vumbi kwenye redio isiyokuwa na vumbi.

Mwaka mzima nilifanya kazi ndani ya kichwa cha mtu nisiyemjua. Nilifika mahali ambapo niliweza kubashiri angeandika nini kabla sijafungua ukurasa. Nikikwama, nilijikuta nimeinama upande wa kushoto, nikinong'ona kama mtu anayeuliza aliye karibu. Jibu lilikuwa likipatikana. Wakati mwingine nililipata mstari wa chini yake, kwa mwandiko wake, kana kwamba amenisikia. Nilijiambia ndivyo kazi ilivyo. Mwandishi mzuri wa programu anajua yule ajaye atauliza nini. Lakini nilianza kukaa kwenye ncha ya kiti.

Halafu asubuhi moja, Fundi akiwa Lubao kununua mbuzi wa sherehe fulani, mama mmoja aliingia amekumbatia kifurushi cha leso. Alikuwa mwembamba, mrefu, miguu imejaa vumbi la barabara ya miwa.

"Mulembe, mwanangu."

"Mulembe muno, mama. Karibu."

"Hapa bado ni kwa Enosi? Kijana yangu alikuwa anafanyanga kazi hapa. Abiri."

Nilitaka kusema simjui Abiri. Kisha nikakumbuka kwamba kwetu l na r hubadilishana viti, na h mara nyingi hukaa nje, nikaelewa kwamba Abiri ndiye Habil. Nikamwambia nimekalia kiti chake. Akakitazama muda mrefu, kisha akaniomba nisimame kidogo. Hakukikalia. Alikipangusa kwa kanga yake, akaniambia nikae.

Jina lake lilikuwa Respa Nekesa, mkulima wa miwa Shianda, mjane. Habil alikuwa mtoto wake wa pekee. Siku ya kuondoka alimwambia amepata kazi Mumias na atarudi ikiisha. Alimwachia mashine moja ya kijivu yenye kaseti aliyoiandika mwenyewe, akamwonyesha vidude viwili vya kubonyeza. "Mama, cheza mara moja kila siku," alimwambia. "Mara moja tu, usizidishe." Naye alicheza kila siku baada ya kulisha kuku. Kabla ya miezi mitatu kutimia mashine ikazima. Habil hakurudi. Mumias walimtafuta, hakuna aliyewahi kumwona. Mama alikuja hadi hapa dukani, akaambiwa hakuna anayejua. Mashine akaifungia sandukuni, kwa kuogopa fundi angemharibia kitu pekee kilichoshikwa na mkono wa mtoto wake.

"Sasa kwa nini umeileta, mama?"

"Wazee wa ukoo wanasema miaka imepita mno. Wanataka kumzikia mgomba."

Nyinyi mliokulia mijini huenda hamjaona. Mtu akipotea mwili wake usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo zake, likazikwa mahali pake ili apumzike na wengine waweze kuendelea. Baada ya hapo haulizwi tena.

"Nimekataa mara mbili," akasema. "Sasa wameweka siku, ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka kumwona tena kwa hii kitu kabla hawajamfunika."

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Betri za tochi zilikuwa zimevuja na kula vyuma. Nilivikwangua kwa wembe, nikapiga solda waya mbili. Ndani ya kaseti kulikuwa na ile betri bapa kama kifungo cha koti, inayoitunzia kaseti kumbukumbu hata mashine ikizimwa. Ilikuwa imekufa. Nikaweka mpya. Nikawasha. Alitokea mwanamke mdogo mwenye kitambaa kichwani, amesimama kati ya miwa. Sikuendelea, ilikuwa ya mwenyewe. Nikazima, nikamkabidhi, akaenda.

Jumatatu alirudi. Safari hii Fundi alikuwepo nyuma ya pazia, nami mbele. Mama Respa hakusalimia.

"Ni wewe umeandika?" akauliza. "Kama ni wewe, niambie. Sitakasirika."

"Kuandika nini, mama?"

Akaniambia, na nitawaandikia vile alivyosema. Siku zote, yule mwanamke wa kwenye kioo alipita katikati ya miwa, akapita bomba la maji, akafika nyumbani, mlango ukafunguka, yakatokea maneno KARIBU MAMA. Mama hakujua kusoma, lakini Habil alimfundisha maneno hayo mawili kwa umbo lake. Siku aliyotoka hapa dukani alikaa nyumbani mchana, akacheza. Mwanamke alipofika karibu na nyumba, mlango ulikuwa wazi tayari. Mlangoni alisimama mwanamume. Na maneno hayakuwa yale anayoyajua. Alimwita binti wa jirani amsomee: NIMERUDI MAMA. FUNGUA MLANGO.

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda nikafungua mlango."

"Kulikuwa na mtu?"

"Njia tu." Akanyoosha kidevu kuelekea nje. "Lakini kuku wote walikuwa wamesimama. Wote wanaangaria upande mmoja, wa kwa njia. Hakuna mbwa, hakuna mwewe. Nilingoja mpaka wakaanza kudonoa tena. Huo mlango sijaufunga tangu siku hiyo."

Nyuma ya pazia, sauti ya Fundi akikwaruza kitu ilikuwa imekoma.

"Mwanangu," mama akasema, "kama si wewe uliandika, basi ni nani? Na kama ni Abiri, yuko wapi?"

Nilimwomba aniachie kaseti hadi Jumatano. Alipoondoka nilifungua pazia. Fundi Enos alikuwa ameketi, mkono umeshika chuma cha solda, na ncha ya chuma ilikuwa imeshatoboa ubao wa meza. Moshi ulikuwa ukipanda mbele ya uso wake, naye hakuuona.

Siku mbili nilisoma kaseti ile, namba kwa namba, kwa kalamu. Sikuwa na njia ya mkato na sikuitaka. Jumanne jioni mchoro wote ulikuwa mbele yangu na mambo yalianza kueleweka. Habil alikuwa ameweka hesabu ndani. Kila mara mwanamke alipofika mlangoni, kaseti iliongeza moja kwenye kumbukumbu yake. Hesabu ikifika tisini, ndipo mlango hukutwa wazi na mwanamume husimama hapo na kusema amerudi. Baada ya hapo kuhesabu hukoma. Haukuwa mzimu. Ulikuwa mpango wa mtoto anayetaka kumshangaza mama yake: acheze mara moja kila siku, na siku ya tisini, akishangaa kioo, mwenyewe awe nje anabisha.

Nilijilaumu kwa kuwaza mizimu, nikafurahi, kisha nikaogopa, kwa mpangilio huo. Kwa nini tisini? Daftari zake nilizijua kwa moyo, mchezo huu haukuwemo. Nikalichukua lile la nne, nikaligeuza chini juu, kama watoto wa shule wanavyofanya karatasi zikiwa haba, nikaanza kusoma kutoka nyuma. Ulikuwa humo wote. Nyumba, bomba, mwanamke na kitambaa chake. Na pembeni mwa namba tisini, kwa penseli: "F.E. anasema kazi ya ng'ambo ni miezi mitatu. Mama asijue ni ng'ambo, atakataa."

Nilimpelekea Fundi daftari likiwa wazi. Hakulisoma. Nadhani alijua limeandikwa nini tangu siku aliponipa meza ile.

"Mfanyabiashara mmoja ng'ambo ya mpaka alitaka mtu wa kumfungia mitambo ya redio," akasema. "Kazi ilikuwa yangu. Mgongo ulikuwa unaniuma, nikamtuma Habil. Mimi ndiye niliyemwambia aseme Mumias."

"Na alipokosa kurudi?"

"Nilikwenda. Yule mtu alisema kijana aliugua wiki ya pili akaondoka kwa miguu. Nilipita vituo vya polisi, nikapita zahanati ya masista iliyoko pale, nikasoma kitabu chao cha wagonjwa kwa kidole, jina kwa jina. Hayumo. Nikarudi. Mama yake akaja kuniuliza." Akaweka viganja juu ya meza. "Nilisema sijui. Niliposema mara ya kwanza, Phanice, nilidhani nitamwambia kesho yake."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na mtu huyu alikuwa amenifundisha kila nilichokijua. Nilimwambia kesho tunakwenda Shianda, akitaka au asitake. Nilishangaa sauti yangu. Asubuhi akaja amevaa koti lake la kanisani.

Tuliteremka kwenye kituo cha soko la Shianda saa nne asubuhi. Fundi akasema aulize njia, kwa kuwa hakuwahi kufika. Nami nilikuwa nimeshaanza kutembea. Miwa ilisimama pande zote mbili kupita urefu wetu, imekomaa, na ndani yake mlikuwa na ule mchakacho wa majani makavu ambao hauhitaji upepo. Nilipinda kushoto pasipo na alama. Nikapita njia panda mbili bila kusita. Nilijua kwamba mbele kuna bomba la maji lililoegemea jiwe, na lilikuwepo, limeegemea jiwe. Sikuwahi kukanyaga pale maishani. Nilikuwa nimepita njia ile usiku na mchana kwa siku mbili, kwa rangi nne, na mtu aliyeichora hakukosea hatua moja. Fundi aliyekuwa nyuma yangu aliacha kuuliza. Nilimsikia akianza kuomba.

Nyumba ilitokea pale ilipotakiwa kutokea. Mlango ulikuwa wazi. Mama Respa alikuwa amekaa kizingitini kwenye kigoda, na niliona jinsi macho yake yalivyoruka kwanza kwenye umbo la mwanamume nyuma yangu, kisha yakashuka.

Fundi alimwambia yote akiwa amesimama. Hakujitetea, hilo nakiri. Aliposema "ni mimi niliyemtuma", mama alimkatiza.

"Nilikuja kwako."

"Ulikuja, mama."

"Nikalia mbele yako. Ukanipa maji."

"Nilikupa."

"Hayo maji ulinipa ya nini?"

Mama alisimama, akaingia ndani, nikadhani tumefukuzwa. Akatoka na viatu na kibeti kidogo.

"Nipereke hapo," akasema. "Mahali uliposoma hicho kitabu. Leo."

Saa nane mchana tulikuwa ng'ambo ya mpaka, kwenye zahanati ya masista, majengo matatu meupe yenye uwanja uliofagiliwa. Sista mmoja mzee alitutolea kitabu cha mwaka ule, akakaa kando na rozari yake. Fundi alikifungua kwenye mwezi wenyewe kama mtu anayejua jeraha lilipo.

"Ni kurasa hizi, mama. Nilitafuta Habil Wesonga. Nilitafuta hata Wesonga peke yake. Hakuna."

"Mimi sijui kusoma," mama akaniambia. "Soma wewe. Soma wote."

Nikasoma. Majina ya watu wa pale, ya wavuvi, ya watoto wachanga. Nilisoma kwa sauti, sawa na nilivyosomewa mahudhurio shuleni. Ukurasa wa pili, karibu na chini, nikasoma: "Abiri wa Resipa."

"Hapo," mama akasema.

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu aliyeitiwa mtoto wake shuleni.

Sista aliinuka akatazama. Kijana aliletwa na watu waliomkuta barabarani, homa imempanda kichwani. Hakuwa na karatasi. Muuguzi alimuuliza jina naye akalitaja kama linavyotajwa nyumbani kwao, kwa mdomo wa mama yake, na muuguzi akaandika alichosikia. Alikaa siku nne. Mbele ya jina palichorwa msalaba mdogo. Kaburi lilikuwa nyuma ya jengo la tatu, na walikuwa wamelipalilia.

Fundi alikuwa ameweka kidole chake juu ya mstari ule. Nilielewa kwamba alikuwa ameshawahi kukiweka hapo, miaka ile, na kukipitisha.

"Ungenireta," Mama Respa akamwambia, "ningemsikia."

Ni hayo tu. Hakumtukana, hakumlaani. Alikwenda nyuma ya jengo la tatu peke yake, na sisi tulibaki kwenye benchi. Nilimwona kwa mbali amechuchumaa, anaongea, ananyamaza, anaongea tena, kama mtu anayesubiri zamu yake katika mazungumzo. Kila aliponyamaza alikubali kwa kichwa. Sista naye alimwona. Tulitazamana, naye akarudia rozari yake. Mama aliporudi alikuwa na udongo ndani ya leso ile ile aliyokuwa akibebea mashine.

Jumamosi ukoo ulikusanyika kama ulivyopanga, lakini mgomba haukukatwa. Walizika udongo, na jina likatajwa, na mzee mmoja aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu mgomba alilia mpaka akashikwa. Nilikuwepo. Mlango wa nyumba ulifungwa jioni ile na mama mwenyewe.

Kabla sijaondoka aliniuliza kama yule wa kwenye kioo ataendelea kusimama mlangoni. Nikamwambia betri niliyoweka inaweza kufika miaka kumi, na nikitaka naweza kurudisha hesabu nyuma, akaona tena KARIBU MAMA.

"Mwache," akasema. "Ametembea sana."

Sasa niwaambie jambo ambalo sikumwambia yeye, wala Fundi. Mtu wa fani atakuwa ameliona tayari. Ile betri bapa ilipokufa, kumbukumbu ya kaseti ilifutika. Ikifutika haiwi sifuri. Hubaki na namba yoyote, kama mchanga uliomwagwa. Nilijiambia basi namba iliangukia mahali pakubwa kupita tisini, mlango ukafunguka, hakuna ajabu. Nilikaa na maelezo hayo miezi kadhaa, yakanitosha. Kisha siku moja nikaurudia mchoro wangu, kwa sababu sikupenda kuacha mstari nisioufahamu. Habil hakuandika "tisini au zaidi". Aliandika "tisini kamili". Ingekuwa kubwa zaidi, mama angeendelea kuona KARIBU MAMA. Namba ile ilikuwa na nafasi mia mbili hamsini na sita za kuangukia, na moja tu kati ya hizo ingemleta mlangoni siku ile ile ya kwanza, siku chache kabla ya kufunikwa. Nimezifanyia chipu za aina ile jaribio hilo mara nyingi tangu wakati huo, nikiwa na nafasi na mlango umefungwa. Nimepata namba za kila aina. Tisini sijaipata.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na mashine nyingine nyingi, mizani, pampu, vipima joto vya kuku, nyinyi mnazijua. Mmewahi kuniuliza kwa nini nawalazimisha muandike maelezo pembeni mwa kila mstari, na kwa nini nikipokea kazi ya mtu aliyeondoka naanza kwa kugeuza daftari lake chini juu. Sasa mnajua. Na mkimtuma kijana mahali, nyumbani kwao wajue ni wapi. Hilo halimo kwenye kitabu chochote cha mafunzo, nami nililijifunza kwa gharama isiyokuwa yangu.

Fundi Enos aliendelea na duka, ila kazi ya nyuma ya pazia aliniachia yote. Hakuwahi kumtuma mtu tena popote, hata kununua sukari. Kila Krismasi alikwenda Shianda na kuku mmoja, akamwacha kwa jirani, kwa sababu Mama Respa hakumpokea. Alikufa akiwa kazini, miaka sita baadaye, bisibisi mkononi, nami ndiye niliyemkuta.

Mazishi yake yalikuwa makubwa. Redio za nusu ya wilaya zilikuwa zimepita mikononi mwake. Niliwekwa kwenye meza ya kuandikisha wageni. Karibu na saa sita nikainua kichwa, Mama Respa alikuwa amesimama mbele yangu, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, vumbi la miwa miguuni. Sikujua kama amekuja kuomboleza au kuhakikisha. Nikamuuliza, kwa sababu lazima niandike kitu, yeye ni nani kwa marehemu.

Watu nyuma yake walianza kusukumana.

"Andika mama ya mwanafunzi wake," akasema, akaenda kukaa na wafiwa.